Wajomba Rafu ya Juu

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Nusu siku imepotelea kwa daktari. Mke wangu ndiye aliyenipeleka, amenishika mkono kama mtu anayempeleka mbuzi mnadani. Nilimwambia daktari ni gesi. Daktari akabonyeza chini ya kitovu, upande wa kulia. Nikaruka. Akasema gesi haina tabia hiyo. Ni ngiri. Inataka upasuaji, tena mapema, kisha wiki nne za kupumzika bila kunyanyua kitu kizito kuliko kikombe cha chai.

Wiki nne! Huyu daktari hajui anachosema. Mimi ni mtunza stoo wa kiwanda cha milango na madirisha, mwaka wa kumi na moja sasa. Bawaba, vitasa, skrubu, misumari, msasa, gundi: hakitoki kitu bila kupita kwenye dirisha langu dogo na sahihi yangu. Tena nina kiti. Si cha mbao kama vya wenzangu. Kinazunguka, kina magurudumu, kinapanda na kushuka. Nilikirithi kwa mhasibu mkuu alipostaafu, baada ya kampeni ya miezi mitatu ambayo sitaki kuieleza hata humu.

Mtu akiondoka wiki nne, kiti kinabaki. Kinabaki na nani? Na msaidizi wangu! Namwita Tabasamu, kwa sababu hutabasamu muda wote, hata akiangukiwa na boksi. Mtu mzima, ana upara, anakalia kigoda pale kwenye kona, na bado anatabasamu. Mtu wa namna hiyo ana lake jambo. Wiki iliyopita aliniambia mkewe anakaribia kujifungua. Aniambie mimi kwa nini? Anatafuta huruma.

Mke wangu amesema mficha maradhi kifo humuumbua. Nimemjibu kwamba sifichi, nasubiri tu ipite.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Mke wangu amepiga simu kiwandani. Bila ruhusa yangu!

Saa tatu nikaitwa na Mama Utumishi, anayeshughulikia mambo yote ya wafanyakazi. Ofisi yake ina feni, mafaili, na ua moja kwenye kopo ambalo halinyauki wala halikui. Akanieleza kwa utulivu kwamba likizo ya ugonjwa ni haki yangu, siyo hisani ya mtu. Nijaze fomu moja, niambatanishe cheti cha daktari, basi. Mshahara utaendelea. Ninachoumwa kitabaki baina yangu na ofisi yake. Na nikipona nitarudi kwenye kazi yangu ileile. Hakuna mwenye ruhusa ya kunifukuza wala kunishusha eti kwa sababu niliugua. Akasema yote hayo yamebandikwa kwenye ubao wa matangazo tangu mwaka juzi.

Nikamuuliza, na kiti? Akauliza kiti gani. Nikamwambia anakijua. Akasema sheria inazungumzia kazi, haizungumzii samani.

Hapo ndipo nilipong'amua. Kazi ileile, lakini umesimama! Sikuzaliwa jana. Mlinzi wa getini alichukua likizo wiki mbili mwaka jana, akamuuguze mkewe. Aliporudi alipewa kazi ileile, lango lilelile, kofia ileile. Lakini kwenye kiti chake amelala paka. Mpaka leo paka yupo na mlinzi anasimama. Anasema hana moyo wa kumwamsha.

Nimerudi stoo nikakuta kiti changu kimeshuka. Vidole viwili! Tabasamu akasema alikuwa anakitia mafuta kwa sababu kinalia. Miaka mitano kinalia, leo ndiyo amesikia! Fomu nimeitia mfukoni bila kuijaza.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Nimepata dawa. Si ya ngiri, ya Tabasamu.

Asubuhi nikinywa chai nilikuwa naitazama picha ya harusi yetu ukutani. Watu wamepangwa safu tatu. Nyuma wamesimama warefu, katikati wamekaa wakubwa, mbele wamekaa chini wadogo. Na stoo yangu ina rafu ngapi? Tatu! Chai ilinipalia.

Mpango ni huu. Ninabandua lebo zote. Maboksi yote ni ya kijivu, yanafanana, yanakaribia mia tatu. Kisha ninayapanga upya kwa kufuata picha, kila kifaa na ndugu yake. Mwenye kuijua ramani ni mimi peke yangu. Wakithubutu kufanya kazi bila mimi watakwama siku ya kwanza, na wakikwama hatapatikana wa kumkalisha mwingine kwenye kiti changu. Hapo nitaweza hata kufikiria hiyo likizo.

Bawaba ni Shangazi: anageuka huku na huku, na kila akigeuka lazima alie. Vitasa ni Baba mkwe, ambaye akishafunga mdomo hafunguki mpaka apatikane mwenye ufunguo, na mwenye ufunguo ni mkewe. Gundi ni Binamu. Alikuja kwetu kwa chakula cha mchana akakaa miezi saba. Skrubu ni mashemeji, kila mmoja mpaka umzungushe ndipo aingie. Misumari ni Wajomba, hawaelewi mpaka wagongwe kichwani. Msasa ni Mama mkwe. Hilo halihitaji maelezo.

Tabasamu nilimtuma akapange mbao uani. Nilihamisha saa ya chakula, nikahamisha na baada ya kengele. Mama mkwe kwenye picha amekaa katikati kabisa na amewaziba watu wawili, kwa hiyo msasa umekula nafasi ya vanishi, na makopo ya vanishi nimeyasukuma chini kabisa. Tatizo ni Wajomba. Wamesimama safu ya nyuma, kwa hiyo misumari haina budi kukaa rafu ya juu. Boksi moja la misumari ni kilo ishirini na tano. Yapo tisa. Nimepandisha manne.

Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Wahenga hawakuwa na ngiri. Gesi imenisumbua sana leo.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Ushindi!

Fundi mkuu, mtu wa sauti kubwa aliyezoea kuongea na mashine, alikuja dirishani anataka bawaba za inchi nne, upesi. Nikamwachia Tabasamu. Akatafuta dakika ishirini. Akatoa gundi. Akatoa msasa. Akatoa gundi tena. Fundi mkuu akauliza kama stoo imehama usiku. Mimi nikamtuma Tabasamu uani, nikazunguka kwenye kiti mara moja, taratibu, nikainuka, nikaziba dirisha kwa mgongo, nikanyoosha mkono kwa Shangazi. Sekunde tatu! Fundi mkuu akasema bila mimi kiwanda hiki kingekuwa kinauza matundu ya ukutani. Nimeyaandika hapa yasije yakapotea.

Tabasamu akaomba nimfundishe mpangilio mpya. Nikamwambia ni wa kisayansi. Akasema sawa. Akauliza kama ninaumwa, maana natembea nimeinama. Nikamwambia nawaza. Kisha akanieleza, bila kuulizwa, kwamba yeye ameshajaza fomu ya likizo ya mtoto; mkewe akijifungua tu, atakuwa nyumbani wiki mbili. Wiki mbili! Kigoda kitabaki wazi! Nilimhurumia.

Nyumbani mke wangu ameulizia fomu yangu. Nikasema iko njiani. Hilo ni kweli, nilikuwa natembea nayo. Kumbe yeye ameshaomba ruhusa kazini kwake, kwenye kiwanda cha sare za shule, aje aniuguze siku saba. Alipeleka barua asubuhi, mchana wakampa. Hivyo tu! Hakuhamisha hata kifungo kimoja.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Naandika nikiwa chali. Kitanda cha wodini.

Ilikuwa Mjomba wa tano. Nilikuwa juu ya ngazi, boksi liko begani, rafu imebaki shubiri moja. Kitu kikaachia kule chini. Nilipiga ukelele ambao fundi mkuu anasema aliusikia wakati msumeno unakata. Misumari ikamwagika stoo nzima. Aliyenidaka ni Tabasamu. Akanikalisha kwenye kiti changu, akanisukuma kwa magurudumu mpaka getini, tumepita mbele ya karakana yote, mafundi wamesimama na nyundo mkononi. Paka wa mlinzi aliamka kutazama.

Nilipoingia kwenye gari niligeuka. Nikamwona Tabasamu anarudi na kiti, amekishika mgongo kwa upole. Kwa upole!

Daktari amefoka. Anasema ngiri imejibana, na kwamba ningechelewa saa chache zaidi tungekuwa tunazungumza mengine. Wananipasua leo hii. Mke wangu amelia. Sijapenda kumwona vile. Nilimshika mkono nikamwambia fomu iko mfuko wa nyuma wa suruali. Mama Utumishi alikuja mwenyewe, nikasaini nimelala, kalamu ikawa inagoma kwa sababu imeelekea juu.

Wanakuja kunichukua. Ninaogopa. Basi, nimeandika.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Nipo! Nimepasuliwa, nimeshonwa, nimerudishwa nyumbani jana. Mke wangu anaanza zile siku zake saba, na Mama mkwe amekuja kumsaidia, na begi kubwa. Begi la mtu wa siku chache haliwi vile.

Nimeweka simu kifuani tangu saa mbili. Sasa hivi fundi mkuu anataka vitasa, najisemea. Sasa hivi wanafungua boksi la kwanza. Sasa hivi wanasema, jamani, mpigieni. Ikafika saa nne. Simu haijalia. Nikamwomba mke wangu aipigie kuona kama ni nzima. Ni nzima.

Saa tano nikapiga mwenyewe simu ya stoo. Akapokea Mama Utumishi! Anasema amekaa pale makusudi. Mtu aliye likizo ya ugonjwa hasumbuliwi kwa mambo ya kazi, kwa hiyo amewakataza wote kunipigia. Nikamwambia mimi sisumbuliwi, nasumbua. Akasema hata hivyo. Nikamwambia naomba kusaidia kwa hiari yangu, kwa sentensi moja tu. Akasema hiari ya mtu mwenye mshono wa siku tatu haipokelewi. Nikamuuliza amekalia nini. Akasema kigoda. Nikamuuliza kwa nini si kiti.

"Pumzika, baba," akasema, akakata.

Haki gani hii inayomzuia mtu kuwa wa maana?

Jumatano, tarehe 12 Machi

Mke wangu alikwenda duka la dawa. Mama mkwe alisinzia. Nikatoroka.

Mwendo wa dakika kumi nimeutembea kwa dakika arobaini, mkono tumboni. Getini mlinzi akanizuia. Mimi! Ninayemsalimia miaka kumi na moja! Anasema aliye likizo ya ugonjwa haingii mpaka alete barua ya daktari kwamba amepona. Mshono ukifumukia ndani, watakaoulizwa ni wao. Nikasema basi abebe ujumbe, neno moja tu. Akasema ujumbe wa kazi nao umekatazwa. Nikaomba nikae kidogo. Akamtazama paka. Nikaelewa.

Lakini nilichungulia. Milango ishirini na minne imelazwa uani haina bawaba! Fundi mkuu anafoka mpaka getini panasikika. Mlinzi akaninong'oneza kwamba ile ni milango ya zahanati, inatakiwa Ijumaa; ikikosekana, oda inakwenda kwa wengine na mafundi sita wa mkataba wanarudishwa nyumbani. Anasema Tabasamu anafungua maboksi mojamoja tangu Jumatatu, hali chakula cha mchana, na juzi alikutana na vitasa akadhani bawaba ziko jirani.

Mafundi sita. Kitu kikanichoma. Ni mshono.

Niliporudi Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni. Akauliza natoka wapi. Nikasema nilikuwa nanyoosha miguu. Akasema miguu ilikuwa imenyooka kitandani tangu asubuhi.

Alhamisi, tarehe 13 Machi

Siku mbaya. Naiandika ilivyokuwa.

Jioni Tabasamu alikuja kunijulia hali. Kaleta machungwa. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hatabasamu. Macho mekundu, vidole vimejaa plasta. Nikasema kimoyomoyo, sasa ataniuliza, nami nitamjibu, lakini nitamjibu taratibu. Hakuuliza! Anasema Mama Utumishi amemkataza kutaja kazi mbele yangu. Akanimenyea chungwa.

Mama mkwe akamkaribisha kwenye kochi linalotazama ukuta. Kisha akafanya anavyofanya kwa kila mgeni. Akaanza kumwonyesha picha ya harusi.

Akasema yule aliyekaa pembeni ni shangazi yake bwana harusi, anageuka huku analia, anageuka kule analia. Tabasamu akaitikia kwa adabu. Akasema huyu aliyejibana kwenye gauni la bibi harusi ni binamu, alikuja kula mara moja, miezi saba hakubanduka. Tabasamu akaacha kutafuna. Nikakohoa. Mama mkwe akaendelea, na hawa waliosimama nyuma ni wajomba, watu wa vichwa vigumu, mpaka wagongwe ndipo wasikie.

Tabasamu akasimama. Akahesabu safu kwa kidole. Moja, mbili, tatu. Akatazama juu walipo wajomba, halafu akanitazama mimi, halafu tumbo langu.

"Misumari," akasema polepole. "Binamu ni gundi. Shangazi... bawaba! Mwisho kushoto, rafu ya kati!"

Mama mkwe akaona ni mchezo, akaupenda. Akauliza, na mimi je, mwanangu, mimi niliyekaa katikati, ni nini? Tabasamu alikuwa ameshaujua msasa ulipo. Ulimmenya vidole tangu Jumatatu. Akanitazama. Nilimwomba kwa macho kama sijawahi kumwomba mtu.

"Vanishi, mama," akasema. "Ile inayong'arisha."

Mama mkwe alifurahi mpaka akampa machungwa yake mwenyewe ayarudishe nyumbani. Tabasamu alitoka mbio, bila viatu, akarudi kuvichukua. Mke wangu alikuwa amesimama mlango wa jikoni muda wote ule. Akaniuliza, kwa hiyo yale maboksi ya misumari niliyapandisha juu kwa sababu wajomba walisimama nyuma? Nikasema ndiyo. Akaingia jikoni. Nikamsikia anacheka. Baadaye kidogo nikasikia hacheki tena, anapenga kamasi. Nilitaka kuinuka nimfuate. Sikuweza kuinuka.

Jumatatu, tarehe 7 Aprili

Nimerudi kazini, na barua ya daktari. Mlinzi ameisoma mara mbili. Daktari amekazia: nisinyanyue kitu kizito kwa miezi miwili.

Milango ya zahanati ilitoka siku ile ya Ijumaa, saa kumi. Mafundi sita wapo. Ninaambiwa kazi ni yangu ileile, dirisha langu lilelile. Nikaingia ndani.

Kiti kimefunikwa nailoni, kimefungwa kamba, na juu yake karatasi yenye mwandiko wa Tabasamu: KITI HIKI KINA MWENYEWE. YUKO LIKIZO. Hakuna aliyekikalia wiki nne. Nilikifungua. Kimepandishwa vidole viwili. Nikazunguka. Hakilii.

Nilipangusa macho. Stoo ina vumbi la mbao sana.

Lebo zimerudi, sasa zina majina ya ndugu, maana mpangilio wangu wameuacha, eti wameshauzoea. Fundi mkuu amekuja dirishani akasema nipe Shangazi kumi na wawili na Binamu kopo moja. Kumbe Tabasamu hakumwambia mtu kwa nini nilipanga vile. Amesema tu ni kumbukumbu ya harusi yangu. Sasa hilo ndilo linalonitia wasiwasi. Mtu anayekutunzia siri anaitunza kwa ajili ya nini?

Mkewe amejifungua jana, mtoto wa kike. Kwa hiyo leo ameaga, anaanza wiki zake mbili. Ameniachia funguo. Ameomba jambo moja tu: nimwangalizie kigoda chake, alikichonga mwenyewe kwa mabaki ya mlango. Nimeapa.

Jumanne, tarehe 8 Aprili

Asubuhi hii Mama mkwe, ambaye bado hajaondoka, amesema kesho ataniletea chakula cha mchana kazini, akaione na rafu yake. Ile ya vanishi, katikati. Amewaambia na majirani.

Katikati kuna msasa! Lebo imeandikwa kwa herufi kubwa: MAMA MKWE!

Tabasamu hayupo. Kumwomba fundi mkuu ni kujieleza. Kwa hiyo tangu mchana nahamisha mwenyewe. Msasa mwepesi. Makopo ya vanishi ndiyo mzigo, tena yako rafu ya chini kabisa, kila moja lita ishirini. Nimepandisha sita. Nimebakiza matano.

Nilichoka nikataka kupumzika. Kiti kilikuwa mbali, kigoda kilikuwa karibu. Nikakikalia kidogo tu. Aisee! Kimechongwa kikafuata mwili. Mgongo umetulia. Kiti changu hakijawahi kunituliza hivi hata siku moja, na sasa ninaelewa kwa nini yule bwana anatabasamu. Miaka yote amekaa pale kwenye kona anakifaidi, mimi nimepewa magurudumu!

Ana wiki mbili. Kazi yake atapewa ileile, sheria ni sheria. Lakini sheria haizungumzii samani. Mama Utumishi mwenyewe alisema.

Naandika haya nikiwa nimekikalia. Nitamalizia yale makopo matano sasa hivi, kisha nitatafuta pa kukificha. Kuna kitu kinanivuta kidogo chini ya kitovu, upande wa kushoto safari hii. Ni gesi.